Hilux ya kila siku: 2.4, 2.8 au 2.7 ya petroli, na je, 4x4 unaihitaji?

Wanunuzi wengi wa Hilux huchagua gari kwa ajili ya barabara mbaya kuliko zote, ile watakayoipita mara moja kwa mwaka wakienda kijijini wakati wa masika. Siku zilizobaki gari hilohilo linashinda kati ya Kimara na Posta, au Rongai na katikati ya Nairobi, kwa mwendo wa kinyonga, AC imewashwa na bodi ni tupu. Injini na gia zinachakaa kwa hizo siku nyingi, wala si kwa ile moja ya tope. Kwa hiyo ukifika yadi jiulize kwanza: ni safari gani unairudia zaidi, ina kilomita ngapi, na je, injini inapata joto lake kamili kabla hujaizima?

Hapa tunazungumzia Hilux iliyozinduliwa 2015, ambayo Thailand inaitwa Revo, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye yadi za Dar es Salaam na Mombasa. Vigo ya kabla yake itapata nafasi yake mbele, maana bado inauzwa sana na ina ugonjwa wake maalumu.

Soma kibao, usisome stika

Kabla ya kubishana kuhusu injini, jua iliyomo. Herufi na namba za modeli kwenye kibao cha utambulisho hazidanganyi kirahisi. GUN ni dizeli, TGN ni petroli. GUN125 ni 2.4 yenye 4x4, GUN126 ni 2.8 yenye 4x4. GUN135 na GUN136 ni injini hizohizo, gari limenyanyuka vilevile, lakini linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Thailand wanaliita Prerunner. GUN122 ni 2.4 ya chini, ile ya kazi. Upande wa petroli, TGN126 ni 2.7 ya 4x4, TGN136 ni 2.7 ya juu isiyo na 4x4, na TGN121 ni ya chini.

Prerunner ndiyo inayowaponza watu. Kwa macho haitofautiani na 4x4, na stika ya ubavuni inauzwa kila duka la urembo wa magari. Inama mbele, angalia nyuma ya bampa la chini: kama huoni difu ya mbele wala shafti zinazoingia kwenye magurudumu ya mbele, hiyo si 4x4 hata kama imeandikwa hivyo sehemu tatu. Kwenye dashibodi, 4x4 halisi ina kitufe cha kuzungusha chenye H2, H4 na L4.

2.4 ya dizeli: ndiyo chaguo la wengi, kwa sharti moja

Injini hii, 2GD-FTV, ina cc 2,393, inatoa kilowati 110, na nguvu ya kuvuta ya Nm 400 kuanzia rpm 1,600 hadi 2,000. Toleo la kazi lenye gia tano za mkono limepunguzwa hadi Nm 343. Taiming yake ni cheni, hakuna mkanda wa kubadilisha. Kwa mtu anayebeba abiria wanne na mizigo ya kilo 300 au 400, hakuna kitu cha maana itakachoshindwa. Kwenye foleni tarajia kilomita 9 hadi 10 kwa lita, na kwenye barabara kuu kwa mwendo wa 90 hadi 100 inafika 12 au 13. Ukipita 120 hesabu hizo zisahau, maana pikapu ni ukuta unaosukuma upepo.

Udhaifu wake wa kuendesha uko chini ya rpm 1,500. Tabo bado haijaamka, na injini ndogo yenye gari la tani mbili inakuwa nzito. Kwa otomatiki hulisikii sana kwa sababu torque kenveta inaziba pengo. Kwa gia za mkono, ukiondoka mlimani na mzigo, utalazimika kuiteleza klachi, na hapo ndipo klachi za 2.4 zinapokufa mapema. Nyingi za matoleo ya dizeli ya gia za mkono zina flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani. Klachi ikiungua, flaiwili nayo huenda pamoja, na bili inaongezeka mara mbili au zaidi. Fundi akikwambia abadilishe pleti tu, mwambie kwanza aipime flaiwili kwa kuizungusha kwa mkono: ikicheza kupita kiasi au ikiwa na rangi ya bluu ya kuungua, haifai kurudishwa.

Sasa lile sharti. Ni DPF, yaani chujio la masizi lililo kwenye ekzosi.

Hilux nyingi zilizouzwa mpya katika soko la Afrika hazina DPF. Zilizotoka Uingereza zinayo. Zilizotoka Japani, ambako Hilux ilirudi sokoni 2017 ikiwa na 2.4 peke yake, zina DPF na juu yake tangi la urea, inayofahamika zaidi kwa jina la AdBlue. Gari la Uingereza au Japani mara nyingi lina mwili msafi na kilomita za ukweli, ndiyo maana linavutia. Lakini kwa matumizi ya kilomita sita asubuhi na sita jioni, ni gari lisilofaa.

Chujio hilo linakusanya masizi, kisha kompyuta inayachoma kwa kupandisha joto la ekzosi hadi karibu nyuzi 600. Ili zoezi limalizike, injini inahitaji dakika 15 hadi 20 za mwendo usiokatika. Kwenye foleni ya Mandela au Mombasa Road mwendo huo haupo. Kompyuta inaanza kuchoma, unazima gari ofisini, inaanza tena jioni, unazima nyumbani. Masizi yanazidi, taa inawaka, mwishowe gari linajifunga nguvu na haliendi zaidi ya mwendo wa baiskeli mlimani. Kwenye injini za GD zenye DPF, mbali na nozo nne za kuingiza dizeli kwenye injini, kuna pia ya tano, iliyo kwenye ekzosi, kazi yake kunyunyiza dizeli ya kuchomea hayo masizi. Nayo inazibwa na masizi yaleyale. Dalili yake ni moshi mweupe mzito wenye harufu kali ya dizeli mbichi, unaotoka ghafla gari likiwa limesimama kwenye taa. Wengi huambiwa hedigasketi imekwenda na wanafungua injini bure.

Si tatizo la kwetu tu. Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilitoa hukumu 2022 kuhusu kasoro ya mfumo wa DPF kwenye Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa kati ya 2015 na 2020, na Toyota ilikuwa tayari imeongeza kitufe cha kuchoma masizi kwa mkono kuanzia 2018. Ukipata gari lenye kitufe hicho karibu na usukani, ni nafuu kubwa: ukiwa umepaki mahali salama pasipo na nyasi kavu chini, unakibonyeza na gari linajisafisha lenyewe likiwa limesimama.

Kulitambua gari lenye DPF si kazi. Chini ya gari, baada ya tabo, utaona mtungi mnene kwenye bomba la ekzosi, wenye mabomba mawili membamba ya kupimia presha na nyaya za vihisi joto. Ukiona mtungi upo lakini una mshono mpya wa kuchomelea, ndani umeshatobolewa. Wapo mafundi wanaoutoboa na kubadilisha programu ya kompyuta. Gari linakimbia, moshi mweusi unarudi, na ukinunua gari la namna hiyo ujue unanunua pia programu isiyojulikana iliandikwa na nani. Kibaya zaidi ni lililotobolewa bila programu kuguswa, kwa sababu kompyuta itaendelea kutafuta presha isiyokuwepo na kulifunga gari kila mara.

Upande wa urea: tangi likikaribia kuisha, gari linatoa onyo mapema, kisha likiisha ukalizima haliwaki tena. Kabla hujalipa, ulizia urea inauzwa wapi katika mji wako. Uliza iliyofungwa kiwandani, si ya kupimiwa kwenye dumu, kwa kuwa uchafu kidogo unaganda kama chumvi kwenye pampu yake.

Kama gari lako lina DPF, oili nayo si yoyote. Inatakiwa yenye majivu kidogo, daraja la ACEA C2 au C3. Oili ya lori ya 15W-40 inafanya kazi vizuri kwenye GD isiyo na DPF, lakini majivu yake yanabaki kwenye chujio moja kwa moja. Masizi yanachomeka, majivu hayachomeki.

Dizeli unayoitia

Presha ya mafuta kwenye injini hizi inapita bar 2,000. Kwa presha hiyo, tone la maji au mafuta ya taa ndani ya dizeli ni kama msasa. Uchakachuaji umepungua tangu EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, ianze kuweka vinasaba (alama za siri za utambulisho) kwenye mafuta, na Kenya ilipotoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ile faida ya kuchanganya ilikatwa sana. Haujaisha. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2015 kinataka salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni, na injini hizi zinakihitaji kweli. Jaza kituo chenye magari mengi ya kampuni na mabasi, maana tangi lao halikai na mafuta ya zamani. Usiendeshe ukiwa na robo ya mwisho ya tangi la lita 80 siku zote, maji hukaa chini.

Filta ya dizeli badilisha kila kilomita 10,000, hata kama kitabu kinaruhusu zaidi, na kila mara mlegeze skrubu ya chini yake mtoe maji. Taa ya filta ikiwaka njiani, simama utoe maji hapohapo, usiseme utafika. Nozo zikibadilishwa, hakikisha namba zilizochongwa juu ya kila nozo zimeingizwa kwenye kompyuta kwa mashine. Fundi anayefunga nozo mpya bila kuandika namba amekuachia injini itakayogonga na kula mafuta huku yeye akilaumu nozo.

2.8: kwa anayevuta na anayesafiri

1GD-FTV ina cc 2,755. Hadi 2020 ilikuwa na kilowati 130, Nm 450 kwa otomatiki na 420 kwa gia za mkono. Baada ya maboresho ya 2020 ilipanda hadi kilowati 150 na Nm 500 kwa otomatiki. Ya mkono ilibaki 420. Tofauti na 2.4 unaiona mahali pawili tu: unapotaka kulipita lori kati ya Chalinze na Morogoro ukiwa na watu watano na mizigo, na unapovuta trela. Kwenye mlima wa Kitonga ukiwa na mzigo, 2.8 inapanda bila kuhangaika kubadili gia. Mjini haina cha kukuonyesha zaidi ya kupoteza lita moja kwa kila kilomita mia.

Magonjwa yake yanafanana na ya 2.4 kwa sababu ni ukoo mmoja: DPF, masizi kwenye vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) na manifodi ya hewa, na vumbi. Hilo la vumbi linastahili kuangaliwa na kila anayepita barabara za udongo. Kifuniko cha boksi la filta ya hewa kisipokaa sawa, au filta ikiwa ya bei rahisi yenye mpira laini, vumbi jembamba linapita pembeni, linachafua kihisi cha hewa, kisha linalamba mapezi ya tabo na ringi za pistoni. Chukua kitambaa cheupe, futa ndani ya bomba baada ya filta. Kikitoka na unga wa rangi ya udongo, gari hilo limekula vumbi, na hakuna bei ya punguzo inayolipia injini hiyo.

Ushauri kuhusu 2.8: chukua ya otomatiki, ya baada ya 2020, na uwe na sababu. Ya gia za mkono ina faida ndogo mno juu ya 2.4 kwa bei inayoongezeka.

2.7 ya petroli: wanaoidharau hawajapiga hesabu

2TR-FE ina cc 2,694, kilowati 122, Nm 245 kwa rpm 4,000. Hakuna tabo, hakuna nozo za bar 2,000, hakuna DPF wala urea. Oili yake ni karibu lita 6, za dizeli ni 7.5. Spea zipo kila duka kwa kuwa injini hiyohiyo iko kwenye Prado na Hiace. Kila fundi wa petroli anaijua.

Inakula. Mjini kilomita 7 hadi 8 kwa lita, barabara kuu 9 au 10. Lakini tazama hesabu. Mtu wa kilomita 500 kwa mwezi atatumia karibu lita 65 akiwa na petroli, na lita 50 akiwa na 2.4. Tofauti ni lita 15 kwa mwezi, 180 kwa mwaka. Seti ya nozo nne za dizeli, au DPF moja, inameza tofauti ya miaka kadhaa. Mtu wa kilomita 2,500 kwa mwezi ataona tofauti ya lita 75 kila mwezi, na hapo dizeli inajilipa yenyewe. Chukua bei ya EWURA ya Jumatano ya kwanza ya mwezi, au ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ya tarehe 14, uzidishe mwenyewe. Mpaka wa kubadili uamuzi uko kati ya kilomita 1,000 na 1,200 kwa mwezi kwa wengi.

Kasoro yake ya kweli ni mlimani na mzigo. Nguvu yake iko juu, kwa hiyo lazima uikanyage hadi rpm 3,500 na kuendelea. Dereva aliyezoea dizeli ataipandisha gia mapema, injini itatetemeka, atasema ni mbovu. Kwa tani nzima ya saruji kila siku, usiinunue.

Kwa Dar es Salaam petroli ina mlango mwingine: inabadilishwa kutumia gesi asilia. DIT, yaani Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, wana karakana ya kufunga mifumo hiyo, na zipo nyingine. Mtungi unakula nafasi ya bodi nyuma ya kebini, nguvu inapungua kidogo, na foleni ya kujaza gesi ni saa za mtu. Kwa gari linalolala Dar na kuamkia Dar bado ni hesabu nzuri. Kwa linalokwenda Songea ni mzigo wa chuma usio na kazi. Plagi za gari la gesi zikaguliwe mapema kuliko za petroli tupu, kwa kuwa gesi inahitaji cheche kali zaidi na koili dhaifu huonekana hapo kwanza.

Gia

Kwa foleni, otomatiki ya gia sita. Hakuna ubishi wa maana hapo tena. Klachi ya foleni na otomatiki isiyotunzwa ndizo zinazolinganishwa, na otomatiki inayotunzwa inazishinda zote mbili. Inatumia oili ya Toyota WS tu, wala si ile nyekundu ya kupimwa kwa lita. Haina kijiti cha kupimia: fundi anaijaza kupitia tundu la pembeni, anawasha injini, anasubiri oili ifike karibu nyuzi 40, kisha anafungua nati ya chini hadi ziada itiririke na kubaki matone. Gereji isiyo na mashine ya kusoma joto la giaboksi haiwezi kuipima sawasawa. Wauzaji hupenda kusema oili hiyo ni ya maisha; maisha ya nani hawasemi. Kwa joto na mizigo yetu, ibadilishe kila kilomita 60,000 hadi 80,000.

Mteremko wa Kitonga au wa Mai Mahiu, sukuma lever kwenye S ushike gia ya tatu au ya pili. Breki za nyuma za matoleo mengi ni dramu, zikipata moto kwenye mteremko mrefu na mzigo hupoteza nguvu kabla hujajua.

Gia za mkono zibaki kwa gari la kazi la kijijini, dereva mmoja, barabara wazi.

4x4

Mfumo wa Hilux hizi si wa kudumu. Kwenye H2 unasukumwa na nyuma tu. Ukiweka H4, shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja bila difu ya katikati, kwa hiyo kwenye lami kavu, ukikata kona, magurudumu yanataka kuzunguka kwa kasi tofauti na hayawezi. Usukani unakuwa mzito, gari linajikaza na kurukaruka, na cheni ya transfa ndiyo inayolipa. H4 ni ya udongo, tope na mvua kubwa barabara ya vumbi. L4 ni ya kutambaa: simama kabisa, gia kwenye N, ndipo uzungushe.

Kwa tabia hiyo, mtu wa lami hana siku hata moja ya kuitumia, huku akibeba zaidi ya kilo mia za chuma na kuhudumia difu ya ziada, transfa, shafti mbili na mipira yake. Prerunner au 4x2 ya juu yenye kufuli la difu ya nyuma inatosha kwa tope la kawaida la kuingia shambani, ukiwa na tairi za A/T (za lami na udongo) na kilo 100 au 150 za mchanga nyuma. Bodi tupu ndiyo inayowakwamisha wengi, tairi za nyuma hazina uzito wa kushika. Kufuli hilo linawekwa gari likiwa limesimama au linatambaa, na litolewe mara ukitoka.

Anayehitaji 4x4 ni mtu wa udongo mweusi wa mfinyanzi, wa milima kama Lushoto na Uluguru wakati wa mvua, wa mito isiyo na daraja. Na ukiwa nayo, itumie. Toyota wanashauri kuendesha ndani ya 4x4 angalau kilomita 16 kila mwezi ili difu na beringi za mbele zipate oili. Wasiofanya hivyo ndio wanaokuta taa ya 4WD inapepesa siku ya masika, mota ya transfa imeganda kwa kutu. Tairi zote nne ziwe saizi moja na uchakavu unaolingana. Mbili mpya za 265/65R17 nyuma na mbili zilizokwisha mbele ni kipenyo tofauti, na kwenye H4 zinaikaza transfa hata njia ikiwa nyoofu. Ukishapita maji yaliyofika juu ya difu, fungua nati uangalie: oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imwagwe siku hiyohiyo.

Kunyanyua gari kwa springi ndefu, inchi mbili na zaidi, kunapasua mipira ya shafti za mbele. Kwenye Prerunner hilo halikuhusu, nayo ni faida isiyosemwa.

Neno kuhusu Vigo 3.0 na D-Max

Vigo yenye 1KD-FTV ni injini nzuri yenye washa mbovu. Washa za shaba chini ya nozo zikichoka, moshi wa mwako unaingia kwenye kifuniko cha valvu, unaichoma oili kuwa lami, lami inaziba chujio la kunyonyea oili kwenye sampu, injini inakauka na kunoki. Fungua sampu uangalie chujio hilo kabla ya kununua. Muuzaji akikataa, ondoka. Badilisha washa kila kilomita 40,000 hivi. Kwenye mashine ya kompyuta, marekebisho ya kila nozo injini ikiwa ya moto isizidi 3 chanya au hasi. Mkanda wa taiming nao upo, kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kutegemea soko.

Isuzu D-Max inaunganishwa Nairobi, na kwa Kenya upatikanaji wa spea na gereji za mikoani unaipa nafasi ambayo Tanzania haina. 3.0 ya 4JJ1 ni imara na ya kelele. 1.9, yenye kilowati 110 na Nm 350, ni mshindani wa moja kwa moja wa Hilux 2.4 kwa mtu wa mjini, na inakula kidogo zaidi ya jina lake. Ndani hakuna tofauti ya kukufanya uhame nchi.

Siku ya kulikagua

Lije likiwa baridi. Ukifika ukakuta boneti ina moto, rudi kesho asubuhi. Dizeli nzima inawaka ndani ya sekunde mbili au tatu, moshi kidogo, kisha inatulia. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma: mvuke mdogo ni kawaida, kupumua kwa kishindo kunakorusha kifuniko ni ringi. Vua bomba la hewa la tabo. Unyevu wa oili ni sawa, dimbwi si sawa.

Klachi ijaribiwe gia ya nne kwa kilomita 40 kwa saa, kanyaga moja kwa moja. Rpm zikipanda na gari halifuati, imekwisha. Otomatiki, simama juu ya breki, toka P hadi D hadi R taratibu. Kishindo kikubwa kinaweza kuwa misalaba ya propela, si lazima giaboksi, kwa hiyo ingia chini uishike shafti na kuizungusha kwa mkono. Mlio wa kuimba kati ya 60 na 80 ukiachia mafuta ni difu ya nyuma. Kama ni 4x4, itafute barabara ya vumbi, weka H4, kisha L4, kisha kufuli la difu, na kila taa isimame bila kupepesa. Muuzaji asiyetaka uende kwenye vumbi anajua kwa nini.

Ukishalinunua, usiamini stika ya sevisi iliyo kwenye mlango. Mwaga oili ya injini na kuweka filta mpya, filta ya dizeli, filta ya hewa ya kiwandani, oili ya difu ya nyuma 75W-85 GL-5, na ya mbele na transfa kama zipo. Paka gresi misalaba yote ya propela hadi gresi ya zamani itoke, kisha rudia kila kilomita 10,000 au kila baada ya kupita maji. Oili ya injini ya dizeli kila 5,000, ya petroli inaweza kufika 7,000 kama ni sinthetiki na gari haliishi kwenye foleni.